Paka wa Milioni Kumi na Tatu

Wiki iliyopita ankara ya paka mmoja ilipita mbele yangu, pauni 2,800, na kwa kuwa sijapona ugonjwa wa kugeuza kila kitu kuwa shilingi, nilipiga hesabu nikakuta imevuka milioni 13. Msomaji wa Kampala atajua mwenyewe ni ng'ombe wangapi hao. Karibu zote zilikuwa gharama za nusukaputi, kipimo cha MRI ya ubongo, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, na mtaalamu wa kuzisoma picha hizo. Kazi yangu hapa Uingereza ni kumlaza mnyama sawasawa ndani ya mashine na kuangalia anavyopumua, ingawa udaktari wa mifugo niliusomea Makerere, na kwetu Busia bado naitwa daktari.

Paka huyo aliletwa akiyumba, shingo ameikunjia kifuani, mboni zimepanuka. Picha za T2 na FLAIR, aina mbili za picha za MRI, zilipotokea kwenye skrini, niliona madoa meupe ndani ya shina la ubongo, ya kulia yakilingana na ya kushoto kama karatasi iliyokunjwa wino ungali mbichi. Uvimbe kwa kawaida hauna adabu hiyo. Hukaa upande mmoja ukasukuma vilivyo jirani. Upungufu wa lishe, sumu au ini lililoshindwa kazi ndivyo hugusa pande zote mbili kwa usawa, kwa sababu damu yenye hitilafu ni ile ile moja, na sehemu zinazotumia nishati nyingi ndizo huumia kwanza.

Nikauliza, "Huyu anakula nini?" Daktari wa zamu, ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani, alinijibu kwamba kazi yangu ni kumshika paka. Nikamshika. Jioni ripoti ya mtaalamu ilirudi ikiomba historia ya chakula, na mwenye paka akaeleza kwa upole kwamba tangu Krismasi humpa samaki wabichi peke yao. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto wa kupikia hukiharibu. Paka alidungwa vitamini hiyo, na siku ya tatu alikuwa amenyanyua kichwa.

Nilimkumbuka mzee mmoja Mnubi, nje kidogo ya Jinja, aliyetuita tulipokuwa wanafunzi kwa ajili ya ndama aliyepofuka ghafla na kusimama akisukuma ukuta kwa kichwa. "Wanangu," alisema kabla hatujashuka kwenye pikipiki, "huyu amezidishiwa molasi." Tulimdunga vitamini hiyo hiyo ya B1 papo hapo, maana mashine ya kungojea haikuwapo.

Sisemi mashine haina maana, na hilo nimejifunza hapa hapa. Mbwa ambaye damu yake hulikwepa ini huonyesha mng'ao kwenye picha za T1, aina nyingine ya picha za MRI, ndani kabisa ya ubongo, unaodhaniwa kutokana na manganizi iliyorundikana. Kifafa chenyewe pia huweza kuacha madoa yanayofutika baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo asiyejua hilo atayaita ugonjwa. Lakini picha safi haimwondolei mnyama shaka, kwani sukari ikishuka ubongo unaweza kuonekana mzima kabisa. Sukari, sodiamu na amonia hupimwa kwenye damu kabla ya kuiwasha mashine, na swali la chakula halina hata bei.

Ninyi madaktari wa mifugo wa nyumbani mnaoniuliza lini mtakuja kufanya kazi hapa, shahada yetu haimo katika orodha inayokubaliwa hapa moja kwa moja. Kuna mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo, kinachowasajili madaktari hao hapa, kuna wa Kiingereza, na ada zake zilipeni mkiwa bado na mshahara wa nyumbani na mama wa kuwapikia, si baada ya zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili kama ninavyofanya mimi.

Mwenye paka alilipa bila kunung'unika. Sindano ya vitamini ilikuwa mstari wa mwisho wa ankara, na ndiyo iliyokuwa na tarakimu chache kuliko yote.