Jeraha la zamani na jeraha jipya

Gari likishafunguliwa nyumbani na mwenyewe, likifika gereji huja na hadithi. "Nililinunua hivyo hivyo, Fundi." Au: "Kuna kijana mmoja wa Wete aliligusagusa." Mie sibishi. Mafundi wengi tunapenda kucheka hapo, na mtu akishachekwa hasemi tena, anaondoka na ile habari moja ambayo ingetuokolea nusu ya kazi.

Wiki hii nimeshinda na Toyota IST ya Mwalimu, jirani yetu hapa Chake Chake, Pemba. Injini yake 1NZ, ile ile iliyojaa barabarani kwetu. Asubuhi likiwashwa linatetema na kutoa moshi mweupe, kisha linatulia. Maji yanapungua na chini hapaonekani tone. Vilima vya njia ya Mkoani vimelishinda. Kijana mwenye mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu za injini, alishamwambia P0302 na P0303, yaani silinda ya pili na ya tatu hazichomi sawasawa, naye akanunua plagi mpya na koili mbili. Hali ikabaki vile vile. Kodi inakutajia silinda iliyokosa, sababu uitafute mwenyewe. Koili zilikuwa nzima tangu mwanzo, na pesa ndiyo imekwenda hivyo.

Barazani hukumu ilikuwa imeshatoka: "Injini hiyo imekwisha, yakhe. Agiza nyingine Dar." Rahisi kusema. Injini ya mtumba ikishuka Mkoani ushalipia injini, meli na gari la kuipakia, na ukiifunga ukaikuta nayo ina lake, nani ataipandisha tena melini?

Niliinua boneti nikaona gundi nyekundu imetokeza pembezoni mwa kava la valvu, nyingi kuliko inavyohitajika. Sikumuuliza nani kafungua. Nilimuuliza habari ya hedi, yaani kichwa cha injini: "Mwalimu, bolti za hedi mlizikaza kwa kipimo au kwa mkono?" Akamtazama mpwawe. Mpwa akatazama chini, akatabasamu kwa haya. "Kwa mkono, Fundi. Tulitazama video."

Basi mlango ukafunguka. Walikuwa wanatoka Mtambile msimu wa karafuu, magunia nyuma, watu mbele. Pampu ya maji ilikuwa inavuja kidogo kidogo na wao hawajui. Taa nyekundu ya joto ikawaka kilimani, jua linazama, wakasema Chake si mbali. Wakafika, lakini hedi gasketi, ile inayoziba baina ya hedi na silinda, haikufika. Wakanunua pampu na gasketi, wakafanya kazi wenyewe uani, jioni jioni baada ya skuli.

Nami nawaelewa. Mwalimu aliwahi kutozwa pesa ya ovahoo na fundi ambaye, kwa ninavyoona mimi, alibadilisha ringi za pistoni tu. Mtu kama huyo akiamua kushika spana mwenyewe, sisi wa gereji ndio tumemsukuma. Halafu kusema kweli kazi yao haikuwa mbaya. Cheni ya taimingi niliikuta alama zake ziko pale pale zinapotakiwa, jambo ambalo wapo wanaolipwa kwa kazi hii na bado wanalikosea.

Sasa penye gari la namna hii swali gumu ni kujua kipi kimeumia lini. Joto la ile safari lina majeraha yake. Matengenezo ya uani yana yake. Na kule kuendelea kuliendesha likitetema kuna yake pia. Ukifungua injini papo hapo umeshachanganya yote matatu, kwa sababu ukishalegeza bolti, ushahidi wa namna zilivyokazwa umeondoka. Ndiyo maana napima kwanza, hata kama mwenye gari amesimama juu ya kichwa changu akiniona nachezea.

Injini ilikuwa baridi. Nikawasha, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Haukuchukua muda ukawa mgumu mkononi, na maji bado hayajapata hata uvuguvugu. Maji ya moto hutia presha kwenye mpira, hilo kila mtu analijua. Maji baridi hayatii. Presha ile ilikuwa inatoka silinda.

Nikatoa plagi zote, nikazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza na ya nne zilikuwa na ule ukahawia wa kawaida. Ya pili ilikuwa nyeupe, safi, imeoshwa na mvuke. Ya tatu katikati. Kisha geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini hii ikiwa nzima hutoa kama kilo 15 kwa sentimita moja ya mraba, ikishuka chini ya 11 imechoka, na silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya kilo moja. Ya kwanza ilitoa 14, ya nne 14. Ya pili 8, ya tatu 9. Silinda mbili zilizopakana zikianguka pamoja, mkono wangu wa kwanza huenda kwenye gasketi baina yao.

Lakini ringi zilizopikwa na joto nazo huangusha kompresheni. Nikatia kijiko cha oili katika ya pili, nikapima tena. Kama ni ringi, oili ingeziba na geji ingepanda. Haikupanda. Nikachukua upepo wa kujazia matairi, nikaingiza katika silinda ya pili pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga. Hapa ndipo nilipomwita Mwalimu aje asikie kwa masikio yake. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea haifungi. Ukitokea upande wa filta ya hewa, ya kuingizia. Ukipumulia kwenye mdomo wa oili, ringi. Mpwawe aliweka kiganja juu ya tundu la plagi ya tatu, akakirudisha haraka: "Unatokea hapa!" Na kwenye rejeta mapovu yalikuwa yanapanda.

Ilibaki oili, na hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Chini ya kifuniko kulikuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa, na huo ndio uliotoa hukumu ya barazani. Ila ute wa kifunikoni peke yake hautoshi, maana gari la safari fupi fupi lisilopata moto vizuri huweka mvuke pale juu. Nikamwaga oili yote katika beseni jeupe. Nyeusi, nyepesi kidogo, haikuchanganyika na maji. Nikaisugua baina ya vidole juani, sikuona kimeta. Nikaikata filta, nikaitandaza karatasi yake juu ya bati, nikaipitia mkunjo kwa mkunjo. Hamna chembe ya beringi. Chini ya injini ni salama, Alhamdulillahi. Maneno ya injini ya Dar yakaishia pale.

Ndipo nikafungua. Gasketi ilikuwa imekatika baina ya pili na tatu, mstari mweusi wa moshi umepita waziwazi. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha geji ya majani, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Toyota wanaruhusu 0.05 ya milimita. Jani la 0.15 liliteleza pale katikati bila kunung'unika. Hilo ni la kile kilima, si la uani. Hedi ilikuwa imepinda kabla hawajaigusa, nao hawakuipima, wakabana gasketi mpya juu ya kitu kilichopinda.

La uani nilikuja kuliona kwenye tundu moja la bolti. Chini yake kulikuwa na maji na oili, na ncha ya bolti ina tope. Bolti ikishuka juu ya maji yaliyozibiwa, inagota. Mkono unasikia imekaza, kumbe imekazia maji na hedi haijabanwa. Na bloku la injini hii ni la aluminiamu, shukuru Mungu halikupasuka. Kwa mkono usio na kipimo hakuna anayeweza kulijua hilo, hata mimi. Mwalimu aliishika ile bolti muda mrefu, akaizungusha. "Hii ndiyo niliyoikaza mimi," akasema. Nikamwambia kilima kilishaipinda hedi, hii imeongezea tu.

Hedi ikasagwa uso mpaka ikanyooka, bolti mpya zikaja na meli pamoja na gasketi. Matundu yote kumi tuliyakausha kwa upepo na kitambaa. Kukaza nikawaachia wao, mimi nimekaa pembeni na kikombe cha kahawa: Nyutoni mita 29 (kipimo cha nguvu ya kukazia) kwanza, kuanzia katikati kwenda nje, kisha nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Mwalimu alikuwa anaitia kila bolti alama ya rangi ili aone imegeuka robo kweli, na mpwawe anasoma kwa sauti. Nilipopima tena, tatu zilitoa 14 na ya pili 13 na kitu. Hiyo ya pili nitaiangalia tena akirudi kumwaga oili.

Jana Mwalimu kapita, kaniomba tokirenchi, ile spana yenye kipimo. Shemeji yake ana gari la Suzuki Keri linalokula maji. Nimemwambia tokirenchi haitoki hapa, lakini wakiileta hiyo Keri Ijumaa baada ya sala, kivuli kipo, na wasiifungue kitu kabla sijashika mpira wa rejeta.