Bandari za picha za zamani hazikuwa tulivu hivyo

Ndugu zangu mnaosambaza picha za miji ya pwani za miaka ya 1850 hadi 1890, msiuamini haraka utulivu ule. Sehemu kubwa ni kazi ya kemikali. Kioo kilipakwa kolodioni, kimiminika chenye kunata, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha ili kihisi mwanga, kikaingizwa kwenye kamera na kusafishwa kwa dawa ili picha itokee kabla hakijakauka, yaani ndani ya dakika 10 hadi 15 hivi. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa. Mchukuzi anayetembea gatini haonekani kabisa, mawimbi yanageuka ukungu laini, na chombo kinachoyumba kinabaki na milingoti iliyofifia. Ndiyo maana gati lenye watu tele lilitoka tupu.

Anga ndiyo iliyosumbua zaidi. Kemikali ile ilipokea buluu kupita kiasi na nyekundu karibu haikuipokea, hivyo mbingu zilitoka nyeupe tupu na mapaa ya vigae yakawa meusi. Mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray alitumia negativu mbili (vioo vyenye picha iliyogeuzwa mwanga na giza), moja ya bahari na nyingine ya mawingu, akaziunganisha kwenye upeo wa macho. Ni ustadi mkubwa mno! Lakini kagueni: mawingu yaleyale yamo juu ya bahari tofauti.

Rangi za fotokromu, ufundi wa Uswisi wa miaka ya 1880 wa kutia rangi picha za nyeusi na nyeupe, zilichapwa kwa mawe, jiwe moja kwa kila rangi. Mchana wa Venice uligeuzwa usiku wa mbalamwezi karakanani. Mkitaka kugundua, anzeni na vivuli: je, vinaelekea mbali na mwezi?