Broken Hill, jimbo lililofutwa mara mbili

Treni ya Broken Hill hutoka Sydney mara moja tu kwa wiki, Jumatatu alfajiri, na kufika ni jioni. Ukishapita Condobolin mashamba yanapungua, inabaki ardhi nyekundu hadi uchoke kuitazama. Niliposhuka ilinibidi nirudishe saa nyuma nusu saa, kwani mji huu, ingawa uko New South Wales, sehemu ya Australia ambayo makao yake makuu ni Sydney, unafuata saa za Adelaide, mji mkuu wa Australia Kusini.

Nilikwenda kufuatilia jimbo la uchaguzi lisilokuwepo tena. Jimbo la Broken Hill liliundwa 1894, likafutwa 1913, likafufuliwa 1968, kisha likafutwa tena 1999, viti vya bunge la New South Wales kule Sydney vilipopunguzwa kutoka 99 hadi 93. Sisi tumezoea kusikia majimbo yakigawanywa na kuongezeka. Kufutwa ni habari nyingine.

Uhai wake wote lilikuwa la Labor, chama cha siasa kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi. Sababu utaielewa ukipanda kilima cha vifusi vya mgodi kilichokaa katikati ya mji. Juu kuna mnara wenye majina ya wachimbaji zaidi ya 800 na kilichomuua kila mmoja: huyu kaangukiwa na mwamba, huyu katumbukia shimoni, yule kalipukiwa na baruti. Nilisoma ukuta mmoja nikashindwa kuendelea. Watu waliozika wenzao hivyo hawakuhitaji kubembelezwa wajiunge na chama cha wafanyakazi. Mgomo wao ulioanza 1919 ulidumu takriban miezi 18, wakapata wiki ya kazi ya saa 35.

Makaburini nilimtafuta Percy Brookfield, mbunge wa Sturt, mojawapo ya majimbo yaliyogawana mji baada ya 1913. Aliuawa 1921 kituo cha treni cha Riverton, Australia Kusini, akijaribu kumkabili mtu aliyekuwa akifyatua risasi ovyo. Kwangu mimi huyu ndiye mbunge hasa wa Broken Hill, jimbo lake liitwe vyovyote.

Wakazi waliowahi kupita 30,000 leo hawafiki 18,000, nao wamo ndani ya Barwon, jimbo kubwa kuliko theluthi ya Tanzania nzima. Barwon lilikuwa ngome ya National, chama cha watu wa mashambani, tangu 1950. Mapema 2019 samaki wakafa kwa mamia ya maelfu katika mto Darling, pale Menindee, na hasira za watu kuhusu maji ya mto zikaingia kwenye sanduku la kura. Machi mwaka huohuo mji wa Labor ukapata mbunge wa chama cha wawindaji, wavuvi na wakulima.