Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimeanza Zaburi ya 103. Nilipofika "akuponya magonjwa yako yote" nikakwama, maana mimi ninayo mawili na yote bado yapo. Kisukari ni mwaka wa 11 huu. Saratani ya titi ilikuja mwaka jana, ikamkuta mwenzake ndani.

Jumatatu nilitundikiwa dripu ya nne ya dawa ya saratani. Kabla yake hupewa vidonge vya kuzuia mzio, na vidonge hivyo hupandisha sukari; daktari alinieleza mapema, akaniongezea na insulini. Mashine ya kupimia sukari ikasoma 17, kesho yake 19, juu mno. Siku ya tatu, msinicheke, nikaacha kupima. Niliogopa namba. Nikajidunga kipimo kilekile cha kuongezewa, na uji niliokunywa jioni ukarudi wote.

Saa kumi alfajiri nikaamka nimelowa jasho, natetemeka, ulimi mzito. Binti yangu akanitoboa kidole. Siku hizi ananitoboa yeye, vidole vyangu vimekufa ganzi. Dawa ya saratani na sukari vyote viwili huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Mashine ikasoma 2.8, sukari imeshuka mno. Akakimbilia kopo la sukari, ambalo kwetu hukaa juu ya kabati nyuma ya sufuria la pilau, kwa amri yangu mwenyewe. Vijiko vinne kwenye kikombe cha maji. Akasita nacho mkononi: "Mama, kweli nikupe?" Nikanywa. Baada ya dakika 15 akapima tena, 3.5. Akakoroga kingine.

Hapo ndipo nabii Eliya aliponijia, yule wa 1 Wafalme 19, chini ya mti wa mretemu, aliyeomba afe. "Malaika wa BWANA akamwendea mara ya pili, akamgusa." Mara ya pili! Mkate uliookwa juu ya makaa, gudulia la maji, usingizi, kisha mkate tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hakuulizwa imani yake iko wapi. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilimngoja Horebu, baada ya kula.

Sasa niseme na sisi tunaotembelea wagonjwa. Mpendwa mmoja aliniambia nifunge kavu siku tatu na sindano niweke kando, ili Bwana aone namtegemea yeye tu. Alisema kwa upendo, na ninampenda. Lakini jamani, mtu wa insulini ukimfungisha kavu, au ukamwachisha sindano, unaweza kumzika. Nabii Isaya alikuwa ameshampa mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa wa kufa, ahadi ya kuongezewa miaka 15, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nani atamwambia Isaya hakuwa na imani? Tuache kuwatwisha wagonjwa mizigo ambayo sisi wenyewe, tukiumwa malaria, hatuibebi. Tunakimbilia dawa kabla hata ya kusema amina.

Nami sijiondoi. Kule kuacha kupima niliita "kumwachia Mungu". Ulikuwa woga tu, umejifunga kanga ya imani.

Kulipokucha nikapiga simu kliniki, nikakiri yote. Wakanipunguzia kipimo, wakanikanya: siku chakula kisipokaa tumboni nisijidunge kama kawaida, wala nisiache insulini kwa akili yangu, nipime, kisha nipige simu. Kopo la sukari limeshuka kabatini. Liko kando ya kitanda, pamoja na Biblia na mashine.

Dripu ya tano iko karibu. Mnaotaka kufunga kwa ajili yangu, fungeni, nitashukuru sana. Mimi nitakuwa nakula. Na atakayepita jioni, aje na mchicha na maharage, na kabla hatujaomba aniulize kama nimepima.