Nyimbo za Wenyewe: Wiki Moja na Vanilla Fudge

Jumapili, usiku

Katika miji yetu, mwanamuziki anayepiga nyimbo za wengine huwekwa daraja la chini. Bendi ya hotelini inayokopi vibao vya zamani hulipwa, hupigiwa makofi na hata kuombwa irudie, lakini ukimuuliza mtu kesho yake jana alikuwa wapi, hatataja jina la bendi hiyo. Atasema alikwenda kusikiliza nyimbo za fulani, na huyo fulani ni mtunzi ambaye hakukanyaga ukumbini. Nimekulia katika mtazamo huo na sijauacha wote. Ndiyo maana santuri niliyoisikiliza wiki hii yote imenipa kazi ya kufikiri. Ni santuri ya kwanza ya Vanilla Fudge, bendi ya Marekani, iliyotolewa na lebo ya Atco mwezi Agosti 1967. Ina nyimbo saba, na hakuna hata mmoja ambao waliutunga wao. Katikati ya nyimbo za upande wa pili wamepachika vipande vitatu vifupi vya ala walivyovibuni wenyewe, na kusema kweli hivyo ndivyo ambavyo ningekuwa wa kwanza kuvikata.

Bendi ilikuwa ya vijana wanne, na makao yake yalikuwa Long Island, jimbo la New York: Mark Stein aliyepiga ogani na kuongoza uimbaji, Tim Bogert wa gitaa la besi, Vince Martell wa gitaa, na Carmine Appice aliyekaa nyuma ya ngoma. Wote wanne waliimba, jambo ambalo lina uzito mkubwa katika santuri hii. Kabla ya kupata jina hili walijiita The Pigeons, na kazi yao ilikuwa ileile ya bendi zetu za hotelini, yaani kupiga katika klabu za usiku nyimbo ambazo wateja walikuwa wamezisikia redioni wiki hiyo. Pande hizo wakati huo zilikuwa na bendi kadhaa za vijana Wazungu waliokuwa wamezama katika muziki wa soul wa Wamarekani Weusi, na waliotangulia kufanikiwa ni The Young Rascals, ambao ogani yao ya umeme ya Hammond ilikuwa imeiga sauti na joto la kanisani. Vanilla Fudge walitokea katika shule hiyo. Kukopi kwao hakukuwa mradi wa kisanii uliobuniwa mezani. Kulikuwa ajira, na ndani ya ajira hiyo wakagundua kitu cha kufanya na nyimbo zisizo zao.

Walichogundua ni kupunguza mwendo. Jambo hili likitajwa hivi linaonekana dogo, kwa hiyo inafaa kulieleza taratibu. Sisi tuliozoea muziki wa dansi tunajua wimbo unavyojengwa: beti zinaimbwa kwanza kwa utulivu, maneno yanasikika, kisha gitaa la solo linafungua chemko na watu wanasimama. Katika santuri hii mpangilio umegeuzwa juu chini. Kishindo kinatangulia. Ogani na ngoma vinapiga kwa nguvu zote katika utangulizi mrefu usio na maneno, hadi msikilizaji anadhani wimbo umekwisha fika kileleni, halafu kila kitu kinashuka, na sauti ya mtu mmoja inaanza kuimba polepole maneno ambayo Marekani nzima ilikuwa inayajua na ilikuwa ikiyachezea bila kuyasikiliza.

Mfano mkubwa ni "You Keep Me Hangin' On". Wimbo huu ulitungwa na Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland, watunzi wakuu wa kampuni ya muziki ya Motown ya Detroit, na kundi la The Supremes likaufikisha nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1966. Toleo lao halifiki dakika 3. Linaanza na gitaa linalogonga nota moja haraka haraka kama ishara za redio, ngoma zinaingia, na Diana Ross, mwimbaji wao kiongozi, anamwambia mwanaume aliyekwisha kumwacha kwamba amwachilie basi, aende zake kabisa, asimweke kiporo. Mwendo wake ni wa kucheza, na ni wimbo mzuri sana wa kucheza. Stein amesimulia kwamba yeye na Bogert waliusikia redioni wakiwa garini na wakaona kwamba maneno yale ya maumivu yanapita mbio mno, na kwamba yangefaa kuimbwa polepole. Walipoingia studio waliurekodi, kwa masimulizi yao wenyewe, kwa mkupuo mmoja.

Toleo hilo linakaribia dakika 7 katika santuri. Stein haimbi kama mtu anayedai haki yake. Anaimba kama mtu aliyekwisha kudai mara nyingi na akachoka, kisha ghafla anapandisha sauti na wenzake watatu wanampokea kwa kiitikio kizito, huku Appice akizipiga ngoma kwa nguvu isiyo ya kawaida kwa mpiga ngoma wa mwaka 1967. Sentensi moja inaweza kukatwa katikati, ikaachwa inaning'inia juu ya ogani, ikamaliziwa baada ya kishindo. Mtu anayeomba kuachiliwa anaimba ndani ya wimbo ambao nao unakataa kumwachilia, kwa sababu kila unapodhani umefika mwisho unaanza tena kujikusanya. Hapo ndipo ninapoona akili ya kazi hii: hawakuongeza neno, hawakubadili kisa, ila mwendo wenyewe umekuwa ndiyo hali ya mhusika.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba Vanilla Fudge waliuokoa wimbo huu. Haukuwa na haja ya kuokolewa. Katika toleo la The Supremes kuna kitu ambacho Stein amekipoteza, nacho ni hadhi. Diana Ross anaumia lakini haombi. Ule mwendo wa haraka ndio unaomshika mgongo wake usipinde, na msikilizaji anajua kwamba wimbo ukiisha yeye atakuwa amekwisha toka mlangoni. Kwa Stein sina uhakika huo hata kidogo. Mwanamke anadai, mwanaume anabembeleza, na maneno ni yaleyale. Ninayasikiliza matoleo yote mawili kwa kufuatana, na kila moja linanifanya nilisikie jingine vizuri zaidi.

Mtayarishaji wa santuri alikuwa Shadow Morton, na chaguo hilo linaeleza mengi. Morton ndiye aliyekuwa nyuma ya vibao vya kundi la wasichana la The Shangri-Las kama "Leader of the Pack" cha mwaka 1964, nyimbo za mapenzi ya ujana zilizojaa vifo, milio ya pikipiki na vilio, kila kimoja kikiwa tamthilia kamili ya dakika 3. Mtu wa namna hiyo akipewa bendi inayopenda kunyamaza na kulipuka, hatawaambia wapunguze. Pengine angetakiwa kuwaambia mahali pamoja au pawili.

Pasingekuwa katika "People Get Ready", lakini. Wimbo huu ni wa Curtis Mayfield wa Chicago, aliouimba na The Impressions mwaka 1965, na ni wimbo wa kanisani kwa kila namna isipokuwa mahali ulipouzwa: treni inakuja, abiria hana haja ya mizigo wala tiketi, imani inatosha. Mayfield aliuimba kwa sauti nyembamba, ya upole, katika miaka ambayo watu wake walikuwa wakipigwa na polisi kwa kudai haki ya kupiga kura, na upole huo ndio uliokuwa na nguvu. Vanilla Fudge wanauanza na ogani ndefu ya ibada, kisha sauti nne zinapangwa kama kwaya. Ningetarajia kuona aibu kidogo hapa, maana vijana Wazungu wa Long Island kutoa wimbo huu katika kiangazi kilekile ambacho Detroit iliwaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi ni jambo linalotaka uangalifu. Lakini wamekuwa waangalifu. Wimbo ambao asili yake ni ya kanisani wameurudisha kanisani, na katika santuri yote ndipo mahali ambapo hawajishughulishi kuonyesha ufundi wao.

"Ticket to Ride" ya The Beatles, inayofungua santuri, hainigusi. Wimbo ule wa mwaka 1965 ulikwisha kuwa na uzito wake wa ajabu, ngoma zake zikiwa za kuburuta tangu mwanzo, na kuuongezea uzito kumeufanya uonekane umevaa makoti mawili. "She's Not There" ya The Zombies inapita vizuri, sina la kusema zaidi. "Bang Bang", ambayo Sonny Bono aliitunga na Cher akaiimba mwaka 1966, ina kisa kinachowafaa: watoto wanacheza kupigana risasi, wanakua, wanapendana, na mmoja anamwacha mwenzake, na mchezo wa utotoni unarudi ukiwa jeraha la kweli. Ila nayo wanaivuta hadi dakika 5, na kisa hakina dakika 5.

Nimebishana na nafsi yangu zaidi kuhusu "Eleanor Rigby". The Beatles waliurekodi mwaka 1966 kwa vinanda vya nyuzi vinane bila gitaa wala ngoma, kwa dakika 2 na ushei tu, na Paul McCartney anausimulia kwa ukavu, kana kwamba anasoma daftari la parokia: mwanamke mpweke, padri mpweke, mwanamke anakufa, padri anamzika, hakuna aliyekuja mazikoni. Ukavu huo ndio wimbo wenyewe. Mtunzi hakulia kwa sababu kisa kinahusu mtu ambaye hakuwa na wa kumlilia. Vanilla Fudge wanachukua zaidi ya dakika 8, wanaanza na ogani ya kutisha, wanapandisha sauti zote nne, wanalia kila mahali ambapo McCartney alijizuia, na mwishoni wanaongeza maneno machache kutoka "Strawberry Fields Forever" ya The Beatles haohao. Ukiwapima kwa wimbo wa asili, wameuharibu. Lakini nimeusikiliza tena usiku wa jana, na nikajikuta nikiwaza hivi: Eleanor Rigby alizikwa bila mtu, na mwaka mmoja baadaye vijana wanne wakamletea kwaya. Sijui kama walikusudia. Naona tu kwamba wimbo wa asili unatuonyesha mazishi yalivyokuwa, na huu unatuonyesha mazishi ambayo yangestahili kuwepo, na kwamba mtu anaweza kuyataka yote mawili.

Ni hapa pia ninapoelewa kwa nini muziki wa soul unatajwa kila santuri hii inapozungumzwa, ingawa nyimbo nne kati ya saba zilitungwa nje ya muziki huo. Soul haiko katika orodha ya nyimbo. Iko katika namna ya kuimba. Mwimbaji anajizuia, anajizuia tena, kisha anavunjika, na wanaomsindikiza wanamjibu kama washiriki wa ibada wanavyomjibu mhubiri. Vijana hawa waliichukua namna hiyo kutoka kwa waimbaji Weusi, wakaipeleka kwa The Beatles na The Zombies, wakaiongezea ukubwa wa sauti ambao roki ilikuwa bado haijauzoea.

Wanunuzi waliipokea, na santuri ikafika nafasi ya 6 Marekani. Kibao cha "You Keep Me Hangin' On" kilichelewa: kilipotolewa kikiwa kimefupishwa mwaka 1967 hakikufika mbali katika chati, kikatolewa tena mwaka 1968 na ndipo nacho kikafika nafasi ya 6. Bendi ya Deep Purple ya Uingereza ilikuwa imeisikiliza santuri hii kwa makini, na ukiisikia "Help!" ya The Beatles waliyoipiga katika santuri yao ya kwanza ya mwaka 1968, polepole na kwa ogani, huhitaji kuambiwa walikoitoa. Desemba mwaka huohuo Led Zeppelin, bendi nyingine ya Uingereza, walipofika Marekani kwa mara ya kwanza, onyesho lao la mwanzo, mjini Denver, walikuwa wafunguzi wa Vanilla Fudge. Lakini bendi yenyewe ilikwama mapema. Santuri ya pili, "The Beat Goes On", ni mkusanyiko wa hotuba na vipande vya historia ya muziki, na karibu haina wimbo wa kushika. Morton alipata pale uhuru wote aliokuwa akiutaka.

Nimebakiza mmoja, nao ndio niliourudia zaidi wiki hii. "Take Me for a Little While" ulitungwa na Trade Martin na kuimbwa na Evie Sands mwaka 1965, na una historia chungu katika suala hilihili la nyimbo za wenyewe: kabla toleo lake halijatoka, nakala ya majaribio ilifika Chicago, Jackie Ross akaurekodi kwa lebo ya Chess, na matoleo mawili yakagombania redio kwa wakati mmoja. Evie Sands ndiye aliyeumia. Huko ndiko kukopi ninakokuchukia, kule kwa kumwahi mwenzako kwa kitu chake mwenyewe, kinachofanana na chake. Walipouchukua Vanilla Fudge miaka miwili baadaye, hawakumziba mtu njia, na kwa mara moja katika santuri nzima hawakuuvuta: ni dakika 3 na nusu, Stein anaimba karibu bila kupiga kelele, sauti za wenzake ziko chini yake, ogani inajaza na kuondoka. Kama hujawahi kuisikia santuri hii, anza na huo, halafu "You Keep Me Hangin' On" unaoutangulia, halafu "People Get Ready". "Ticket to Ride" unaweza kuiacha.