Barua ya onyo imeandikiwa mwanangu

Nimeisoma ile barua mpaka nimeikariri. Mwanangu alimpiga mwenzake ngumi ya mdomo wakati wa mapumziko, huo ni utovu wa nidhamu, na mzazi anatakiwa kutia sahihi kwamba amepata taarifa. Kupiga alipiga kweli. Mwalimu wa zamu alimwona kwa macho yake, na mtoto mwenyewe hakukana.

Kuhusu miezi iliyotangulia, barua haina hata neno moja.

Haisemi kwamba mtoto huyu hubana mkojo tangu asubuhi mpaka afike nyumbani, kwa sababu chooni ndiko wanakomsubiri wenzake wanaomwonea. Akiingia tu anatupa begi na kukimbilia chooni, hata salamu hatoi. Haisemi pia habari ya daftari la hisabati. Ukilitazama kwa nje halina kasoro: jalada safi, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa kujitahidi. Ukilifungua, karatasi za katikati hazipo. Zimenyofolewa kwenye pini taratibu, bila kuchanika, ili mtu asigundue mapema. Aliyefanya hivyo hakuwa na haraka. Na siku kazi ya nyumbani ilipokusanywa, aliyeadhibiwa ni mwanangu, kwamba hakuifanya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtoto aliyezoea kuonea wenzake hafanyi mambo yake mbele ya mwalimu. Ni kunong'ona jina baya mtu anapopita, ni teke chini ya dawati, ni kumcheka kila anaponyoosha mkono. Kelele hutoka kwa yule aliyechoka. Mwalimu akigeuka, anamkuta yeye ndiye amesimama, ngumi imekunjwa, machozi yanamtoka, na wengine wametulia kwenye viti vyao.

Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Norway na kuanza kuuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unafanywa kwa makusudi, unarudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na wanaomwonea. Ukiyatafakari, hakuna hata moja linaloonekana kwa kutupa jicho uwanjani. Lazima mtu awe amefuatilia tangu mwanzo, ajue nani ana kundi na nani hukaa peke yake. Shule inayohukumu kwa tukio la mwisho pekee itamwadhibu mtoto asiye sahihi, tena na tena.

Mwalimu wa nidhamu aliniambia, "Mama, sisi tunamwangalia aliyepiga. Kama alikuwa anachokozwa, angekuja kusema." Alisema. Alimwendea mwalimu wa darasa, akaambiwa asikae nao karibu, kisha akahamishiwa dawati la nyuma. Yaani aliyeshtaki ndiye aliyehamishwa, na darasa zima liliona.

Niliambiwa pia kwamba pale shuleni hakuna uonevu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi mmoja. Shule isiyouona kabisa, mimi naamini haijautafuta.

Walipendekeza watoto wapeane mikono mbele ya darasa, kila mmoja aombe radhi, yaishe. Nimekataa. Kupatanisha ni kwa watu wawili waliokosana. Hawa hawakukosana. Kwa ngumi ile mwanangu yuko tayari kuomba radhi, na nimemwambia ni lazima aombe, lakini iwe ni kwa ajili ya ngumi tu. Hawezi kuomba radhi kwa kuonewa.

Linaloniuma kuliko yote ni swali aliloniuliza usiku akiwa kitandani: "Mama, kwa hiyo mimi ni mkorofi?" Wenzake wamemwita majina mengi naye akayapuuza. Hili lilitoka kwa mtu mzima, kwenye karatasi yenye mhuri, na analiamini. Nilimjibu: "Ulipiga, na kupiga si vizuri. Lakini mkorofi si wewe. Walichokufanyia ni kibaya, na mimi nakuamini." Akanyamaza, kisha akaanza kusimulia mambo ambayo hakuwahi kunieleza.

Sasa tunaandika. Siku gani, mahali gani, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Naandika kwa maneno yake bila kuyapamba, na akisema hakumbuki, naandika kwamba hakumbuki. Sitaki mtu aje kusema mama ndiye aliyetunga.

Barua nimeirudisha bila sahihi, nikaambatanisha yangu. Nimeuliza taarifa zake za mwanzo zilirekodiwa wapi. Nimeomba mtu mzima awe karibu na vyoo wakati wa mapumziko, na mwanangu arudishwe dawati lake. Nimewakumbusha pia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unaompa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kabla barua ile haijaandikwa, hakuna aliyemuuliza kilichotokea.

Kikao ni wiki ijayo. Ameniuliza kama anaweza kujieleza mwenyewe, na nimewaandikia kuwa yeye ndiye atakayeanza kuzungumza, kabla yangu na kabla ya mwalimu yeyote.