Ile "haya" ya safu ya tatu

Harusi ya Mtoni imepita salama, ofisini ameingia mkuu mpya, na Ijumaa tumeishusha dari ya ile nyumba bila boriti hata moja kukatika. Lakini usiku wa tano huu nalala na neno moja na kuamka nalo.

Ni baada ya yale mazungumzo niliyotoa Jumanne juu ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maswali yamefunguliwa, kijana mmoja ameuliza juu ya milango, mgeni mmoja ameuliza juu ya rangi. Kisha safu ya tatu ameinua mkono bi mkubwa mwenye buibui, mkoba wa ukindu mapajani. Nayaandika kama yalivyotoka:

"Mwanangu, umesema vizuri. Sasa mimi ukuta wangu unatoka unga mweupe, na fundi anakuja kesho kutwa kupiga saruji. Nimwambie nini?"

Nikajibu: "Inategemea, bibi. Kwanza mpaka ukuta uonekane."

Akasema: "Haya."

Akakaa.

Mnazijua haya zetu. Iko ya kukubali, iko ya kuagana, iko ya kumnyamazisha mtoto. Yake ilikuwa fupi, haikuvutwa mwishoni, na macho alishayashusha kabla neno halijaisha. Mimi nikageukia swali lililofuata.

Kwa dakika 50 nilikuwa nimeeleza kazi za mafundi stadi ndani ya nyumba za Mji Mkongwe. Jinsi urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi, ulivyoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Jinsi zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilivyochongwa kwa kisu chokaa ikiwa bado laini. Jumba la Beit al Ajaib la 1883, na ile siku ya 25 Desemba 2020 ilipoporomoka sehemu yake. Mji wetu kuingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Yote ni kweli na nitayasema tena. Lakini yeye alisema "kesho kutwa", na mimi nikampa "inategemea". Kesho kutwa ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumapili.

Na jibu lilikuwepo. Hali ya ukuta wake siijui, lakini ya kumwambia fundi kabla ya kuuona ni yaleyale kwa kila ukuta wa mawe na chokaa. Ningemwambia: mzuie. Akikasirika mlipe siku yake, lakini saruji isiguse.

Ukuta wa namna ile ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi, na chini kwenye msingi hakuna kitu kinachozuia maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na unapopanda unabeba chumvi. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji yanatokea hapo na kukaukia hewani, chumvi inabaki juu ya uso. Huo ndio unga mweupe. Unaudhi, unachafua kanzu, lakini unakuambia kwamba maji bado yana pa kutokea.

Ukiufunika kwa saruji maji hayaendi popote. Yanatafuta njia kwa juu, na ukuta uliokuwa na unyevu mpaka gotini utaukuta umelowa mpaka kiunoni. Chumvi sasa inaganda nyuma ya saruji, na kila chembe inapokua inasukuma. Baada ya misimu kadhaa lipu inavimba, ukiigonga inalia uvungu, halafu inadondoka kipande kizima ikiwa imebandukana na ngozi ya jiwe. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, na vikivutana jiwe ndilo linaloshindwa. Hatari kubwa zaidi iko juu, kwa sababu ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta huohuo. Unyevu ukizifikia zinaoza, na mchwa hawachelewi. Ukiitazama boriti kutoka chini utaiona nzima kabisa, kumbe sentimita 20 zilizomo ukutani zimeshakuwa unga. Ijumaa tumezitoa nne za hivyo.

Akishamzuia fundi, atazame maji yanatoka wapi. Doa linaloanzia juu ni la paa au la mfereji wa mvua uliotoboka. Doa la duara katikati ya ukuta mara nyingi ni bomba, au choo cha upande wa pili. Linaloanzia chini na kukoma kwa mstari, hilo ni la ardhini. Kisha atoke nje. Uchochoro ukimwagiwa zege kila baada ya miaka, mwisho unakuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na maji yote ya mvua yanaegemea ukuta. Aangalie pia maji ya kiyoyozi yanadondokea wapi. Nimeona kuta zilizopigwa lipu mara tatu, na kilichokuwa kinahitajika ni futi mbili za bomba.

Hapo ndipo ukuta uguswe. Kama kuna saruji ya zamani, itajulikana kwa msumari: chokaa inakwaruzika, saruji inang'ang'ania na rangi yake ni ya kijivu. Ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, tindo ilale ubapa karibu sawa na ukuta, kuanzia palipo na uvungu. Mashine ya kutoboa isiingie ndani, mtikisiko wake unalegeza mawe ambayo hayana kosa. Saruji ibanduliwe mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Mahali ambapo saruji imeshika kiasi kwamba inang'oa jiwe, iachwe. Ule unga ufagiliwe kwa brashi kavu, uzolewe na utupwe nje. Kuusafisha kwa maji ni kuurudisha ulikotoka, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, maana linafanywa na watu wasafi wenye nia njema.

Kisha kungoja. Ukuta mnene unakauka polepole sana, mafundi wanahesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu. Hatungoji umalizike wote, maana chokaa itaendelea kuutoa unyevu, lakini upate kiangazi kimoja ukiwa wazi, madirisha yafunguliwe, na kabati lisogezwe mbali na ukuta.

Nilipofika hapa jana usiku niliweka kalamu chini, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho siku zote hizi nilikuwa nimekipita.

Wakati watu wanatoka, bi mkubwa alisimama karibu na mlango kungojea viatu vyake. Akaweka kiganja ukutani, kiganja kizima, akakitelezesha chini. Kisha akagusisha ncha ya kidole kwenye ulimi.

Nilikiona kwa macho yangu, nikadhani anafuta mkono.

Alikuwa anaonja chumvi! Hicho ndicho kipimo cha kwanza alichonifundisha marehemu fundi wangu, kabla hajanipa hata mwiko, na chombo cha bei rahisi kuliko hicho hakuna. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama picha za zidaka, na mtu mmoja alikuwa anausoma ukuta. Tangu nilipokumbuka hilo nimejawa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Huenda mumewe alikuwa fundi, huenda baba yake alichoma chokaa, au ameishi na ukuta ule miaka 60 akaujua mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa hataki kufundishwa. Alitaka neno la kumwambia fundi, litoke kwa mtu ambaye fundi atamsikiliza.

Basi nimalizie, kwa sababu sehemu iliyobaki ndiyo fundi wake ataibishia.

Chokaa iliyozimwa kwenye shimo ndiyo bora. Mawe yaliyochomwa yanatiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya mawe, kwa sababu yanachemka na kuruka, na jicho likipata tone huenda lisipone. Inachekechwa, inakaa chini ya maji miezi 3 au zaidi mpaka iwe kama mtindi mzito. Hiyo miezi ina kazi: chembe ambazo hazijazimika zinapata muda wa kuzimika, na zisipoupata zitakuja kuzimikia ukutani, kila moja ikitoboa shimo dogo lenye kitone cheupe ndani. Kama hakuna ila chokaa ya mfuko, ilowekwe angalau siku nzima kabla ya kuchanganywa. Haifikii ile ya shimo, lakini ni mara mia kuliko saruji.

Mchanga usiwe wa pwani. Aonje, anajua. Uwe na chembe kubwa na ndogo pamoja, na ukisugua kiganjani ukwaruze. Kipimo ni debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga. Sababu ni kwamba nafasi zilizo katikati ya chembe za mchanga ni kama thuluthi moja, na chokaa inazijaza hizo. Ikizidi lipu inapasuka, ikipungua inamomonyoka. Mchanganyiko utapigwapigwa na kukandwa mpaka ulainike wenyewe. Fundi ataona ni mkavu, atataka kuongeza maji, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Asiongeze. Na asitie "saruji kidogo tu ya kushikisha". Hiyo kidogo ndiyo imeharibu zaidi, kwa sababu haionekani.

Ukuta unyunyizwe maji tangu jioni ya kabla na tena asubuhi, mpaka uache kufyonza. Tabaka la kwanza litupwe kwa mwiko kwa nguvu, lisizidi sentimita 1, kisha lichorwe mistari ya kukatana ili la pili lishike. Katikati ya matabaka ni wiki moja mpaka siku 10. Nyufa ndogo zikitokea zikandamizwe kwa kibao cha mti lipu ikiwa bado na ubichi. Magunia mabichi yatundikwe mbele yake siku za mwanzo, kwa sababu chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu, na ikikaushwa haraka inabaki unga. Kwa hiyo kaskazi si wakati wake, masika pia si wakati wake. Kipupwe ndicho. Mwishoni apake chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, na rangi ya plastiki ibaki dukani.

Miaka kadhaa mbele lipu hiyo itachoka kwa chini na itabidi irudiwe. Ndiyo kazi yake, kuliwa na chumvi ili jiwe lisiliwe.

Nimeyaandika yote haya kwenye karatasi mbili kwa herufi kubwa. Yule kijana wa mapokezi anasema bi mkubwa anakaa upande wa Malindi, humuhumu mjini, na shemeji yake anauza kahawa karibu na pale. Kesho baada ya alasiri nitakwenda. Kama fundi alishapiga saruji Alhamisi, bado haijakomaa, na kuibandua sasa ni kazi ya siku moja. Mwakani itakuwa ya mwezi. Na mazungumzo yajayo sitaki mashine ya picha. Naomba meza, ndoo ya chokaa ya shimo, mchanga wa aina mbili na kipande cha ukuta, kila atakayekuja atie mkono.

Mama kapiga simu kutoka Wete, Pemba, wakati naandika haya. Mkarafuu wa nyuma ya nyumba, ule mkubwa alioupanda babu, umeanza kupukutisha majani kutoka kileleni. Wiki iliyopita lilikuwa tawi moja. Leo anasema ni matatu, na ule wa jirani yake nao majani yake hayana rangi nzuri.